Simone Signoret: maswali yenu, majibu yangu

Juzi hapa nilitaja kwa kupita tu jina la Simone Signoret, mwigizaji wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1985, nikasema katika waigizaji wa kike wa rika lake simwoni wa kumweka juu yake. Kumbe nimechokoza. Wengine mmeuliza ni nani huyo, wengine mmekuja na ya Marilyn Monroe, nyota wa filamu wa Marekani, na mmoja kanikaripia. Yanayofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Shikamoo shangazi. Unasema ni Mfaransa, mbona nimesoma kwamba kazaliwa Ujerumani na wala jina lake si Signoret? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Uliyoyasoma ni kweli. Alizaliwa Wiesbaden tarehe 25 Machi 1921, kwa kuwa baba yake alikuwa huko na jeshi la Ufaransa lililopiga kambi upande wa mto Rhine baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina alilopewa ni Simone Kaminker. Baba, André Kaminker, alikuwa Myahudi mwenye asili ya Poland, na baadaye akawa mkalimani wa kutajika katika mikutano ya kimataifa. Signoret ni jina la upande wa mama, ambaye alikuwa Mkatoliki. Walikaa Neuilly, pembeni mwa Paris, mahali pa watu wenye nafasi zao.

Mwaka 1940 Wajerumani wakaingia. Baba akavukia London kwa Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri, na Simone, msichana wa miaka 19, akajikuta ndiye anayetegemewa na mama na wadogo zake wawili wa kiume. Akafundisha watoto wa watu Kiingereza na Kilatini, kisha akapata ukarani katika gazeti la Les Nouveaux Temps. Hapo pana uchungu. Mwenye gazeti, Jean Luchaire, alikuwa mshirika wa Wajerumani, na mwaka 1946 alihukumiwa na kupigwa risasi. Binti wa Kaminker analishwa na mshahara wa watu hao! Simone hakuificha habari hiyo. Aliisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1976.

Aliacha ukarani mwaka 1941, akajiunga na waandishi, wachoraji na waigizaji waliokuwa wakishinda mkahawa wa Flore, mtaa wa Saint-Germain-des-Prés. Jina la Kaminker lingeweza kumtia mikononi mwa polisi, ndipo akashika la mama. Kadi ya kufanyia kazi katika filamu hakuipata, kwa sababu baba yake alikuwa Myahudi, kwa hiyo akawa anachukuliwa kujaza umati tu. Ukiitazama Les Visiteurs du soir ya 1942 yumo humo, miongoni mwa watu wa kasri.

SWALI: Mbona karibu kila filamu anacheza kahaba? Hakuweza kitu kingine? (Msomaji, Mombasa)

Si kila filamu, ila hukukosea sana. Katika Dédée d'Anvers ya 1948, iliyoongozwa na mume wake wa kwanza, Yves Allégret, ni kahaba wa bandarini. La Ronde ya 1950, kahaba tena. Casque d'or ya 1952, vilevile. Waongozaji wa Paris walikuwa wameshampangia fungu lake. Cha kutazama ni alichokifanya ndani ya fungu hilo.

Chukua Casque d'or, ya Jacques Becker. Ni Paris ya karibu na mwaka 1900, ya wahuni wa mtaa wa Belleville, na Marie ni mwanamke wa mmoja wao, nywele zake za dhahabu amezikusanya utosini. Kwenye dansi ya kando ya mto anazungushwa na bwana wake, lakini kila mzunguko unapomrudisha, macho yanakwenda kwa seremala mmoja mgeni, Serge Reggiani. Hasemi neno, wala habembelezi. Anamtazama kama mtu anayepima kitambaa alichokwisha kuamua kukinunua. Mwishoni (na kama hujaiona, ruka mistari hii) seremala yule anapelekwa alfajiri kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa, na Marie amekodi chumba ambacho dirisha lake linatazama mahali hapo. Hapigi ukelele. Chuma kinashuka, kichwa cha Marie kinainama, basi. Wengine wangemwaga machozi mpaka kola ilowe. Yeye katumia shingo tu.

Wafaransa hawakuijali filamu hiyo ilipotoka. Waingereza ndio walioishangilia, wakampa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike wa kigeni. Kwao wenyewe ikaja kupendwa baadaye, kama ilivyo kwa kazi nzuri nyingi.

SWALI: Kweli mwimbaji Nina Simone alichukua jina kwake? (Msomaji, Nairobi)

Kweli. Mwaka 1954 binti aliyeitwa Eunice Waymon alikuwa akipiga piano kwenye baa ya Atlantic City, Marekani, na hakutaka mama yake, mhubiri wa Kimethodisti, ajue. Akatafuta jina la kujifichia. Nina alikuwa akiitwa hivyo na rafiki yake wa kiume. Simone alilitoa kwa Signoret, aliyekuwa amemwona kwenye filamu.

SWALI: Shangazi, unamsifu mwanamke aliyemwacha mumewe akamfuata mwimbaji, kisha naye akaibiwa huyo mwimbaji na Marilyn Monroe. Ni mfano gani huo kwa mabinti zetu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mimi sikusema ni mfano, nilisema ni mwigizaji. Ila kwa kuwa umeuliza, na wenzako kumi na kadhaa wameuliza kwa upole zaidi, nitaeleza mara moja tusirudie tena.

Agosti 1949, kwenye nyumba ya wageni ya La Colombe d'Or huko Saint-Paul-de-Vence, alikutana na Yves Montand, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia aliyekulia Marseille na kuja kuwa mwimbaji mkubwa. Simone alikuwa mke wa Allégret na mama wa mtoto wa miaka mitatu, Catherine. Akaondoka kwa mume. Desemba 1951 akafunga ndoa na Montand hapo hapo Saint-Paul, wakaishi pamoja hadi kifo.

Mwaka 1960 Montand alikwenda Hollywood kuigiza na Monroe. Jozi mbili za wanandoa, yaani Montand na Simone, na Monroe na mumewe, mwandishi Arthur Miller, wakapangishwa nyumba za jirani katika hoteli ya Beverly Hills. Hawakuwa wageni kabisa: Simone na Montand walikuwa wameigiza tamthilia ya Miller kuhusu wachawi wa Salem, kwanza jukwaani Paris mwaka 1954, kisha kwenye filamu ya 1957. Miller akasafiri, Simone akaitwa Italia kwenye kazi, na yaliyotokea mnayajua kwa sababu magazeti ya dunia nzima yaliyaandika kwa miezi.

Ninachokipenda mimi ni namna alivyomwandika Monroe katika kile kitabu chake. Hamtukani. Anakumbuka Jumamosi, mama mmoja mzee aliyewahi kumtia rangi nywele nyota wa zamani Jean Harlow anakuja hotelini, na wanawake wawili wanakaa jikoni kwa Monroe wakipakwa dawa ya nywele huku bibi akiwasimulia ya enzi zake. Anamkumbuka kama jirani. Ukurasa kama huo unaandikwa na mtu ambaye roho imeshatulia, au ana kiburi cha hali ya juu. Mimi nadhani alikuwa na vyote viwili.

SWALI: Alikuwa mkomunisti? (Msomaji, Muscat, na wengine)

Kadi ya chama hakuwahi kuwa nayo. Lakini kwa miaka mingi yeye na Montand walikuwa upande huo waziwazi. Mwaka 1950 walitia saini wito wa Stockholm wa kupiga marufuku bomu la atomiki, na Marekani ikawafungia mlango wa viza kwa muda mrefu. Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, walifika 1959.

Jaribu lao kubwa lilikuwa mwishoni mwa 1956. Montand alikuwa na mkataba wa kuimba Urusi, na Novemba vifaru vya Urusi vikaingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kuzima uasi. Wasipokwenda wanaitwa wasaliti na rafiki zao. Wakienda wanaitwa vibaraka na wengine wote. Wakaenda. Moscow walikaa meza moja na Khrushchev, mkuu wa nchi hiyo, wakamuuliza Hungaria ana kwa ana, na waliporudi Ufaransa imani ilikuwa imepungua sana. Je, walipaswa kwenda? Mimi naona hapana. Mwaka 1970 wote wawili waliigiza katika L'Aveu ya Costa-Gavras, kuhusu mashtaka ya uongo yaliyopangwa na chama cha kikomunisti huko Prague mwaka 1952, na marafiki wa zamani wakawanunia.

Katikati ya hayo kuna Algeria, iliyokuwa ikipigania uhuru wake kutoka kwa Ufaransa. Septemba 1960 Simone alitia jina lake kwenye tamko la watu 121 lililotetea haki ya vijana wa Kifaransa kukataa kwenda kupigana huko. Serikali ikawafungia waliosaini milango ya redio na televisheni ya taifa. Na kumbuka, hiyo ni miezi michache tu baada ya kupata Oscar, wakati mwingine angekaa kimya alinde jina.

SWALI: Hiyo Oscar alipewa kwa filamu ipi, na ni kweli ndiye Mfaransa wa kwanza? (Msomaji, Kisangani)

Ni Room at the Top, filamu ya Kiingereza ya 1959 iliyoongozwa na Jack Clayton. Kijana maskini wa mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza anataka kuoa pesa, huku anampenda mwanamke mkubwa kuliko yeye, aliyeolewa vibaya. Kwenye kitabu mwanamke huyo ni Mwingereza. Walimgeuza Mfaransa ili acheze Simone. Kabla ya Oscar alikuwa ameshatunukiwa kwenye tamasha la filamu la Cannes na huko London kwa kazi hiyo hiyo.

Kuhusu kuwa wa kwanza, inategemea unavyohesabu. Claudette Colbert, aliyeipata miaka ya 30, alizaliwa Ufaransa lakini alikuwa raia wa Marekani. Simone alizaliwa Ujerumani lakini ni Mfaransa. Wapiga hesabu wagombane.

Wewe wa Kisangani utapenda kujua kwamba usiku ule wa Aprili 1960 mmoja wa aliowashinda ni Audrey Hepburn, aliyeteuliwa kwa filamu ya mtawa muuguzi, ambayo sehemu zake za Kongo zilipigwa mjini kwenu 1958, bado ukiitwa Stanleyville.

SWALI: Aliwahi kuboronga? (Msomaji, Arusha)

Sana. Mwaka 1966 alikubali kucheza Lady Macbeth, wa tamthilia ya Shakespeare, jukwaani London, kwa Kiingereza, akiwa na mwigizaji Mwingereza Alec Guinness. Wahakiki walimchinja.

SWALI: Nimeona picha zake za miaka ya 70, sikuamini ni yule yule. Aliugua? (Msomaji, Kigoma)

Alizeeka tu, ndugu yangu, na mapema. Sigara haikumtoka kidoleni, mvinyo aliupenda, na hakwenda kwa daktari yeyote kukaza ngozi. Akiwa na miaka 48 alionekana na 60, na hakujisumbua kuficha. Wengi wanahadithia hilo kama msiba. Mimi nasema kazi zake nzito zaidi ziko huko.

Mtazame katika L'Armée des ombres ya Jean-Pierre Melville, 1969. Ni Mathilde, mama wa nyumbani anayepigana kwa siri na Wajerumani. Amevaa sare ya muuguzi wa Kijerumani, anaingia na gari la wagonjwa ndani ya ngome ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, pale mjini Lyon, akiwa na karatasi bandia za kumchukua mwenzao aliyeteswa. Daktari anamkagua mfungwa, anasema huyu hasafirishiki. Mpango wote umeanguka, na askari wanamtazama. Uso wa Mathilde haubadiliki hata kope. Anaitikia kama mtumishi aliyepewa taarifa ya kawaida, anageuka, anaondoka. Msichana wa Casque d'or asingeweza kuicheza ile. Ilihitaji mashavu yale yaliyolegea, macho yale yenye uvimbe, mwili wa mtu ambaye hakuna askari atakayemwangalia mara mbili.

Mwaka 1971 katika Le Chat, yeye na Jean Gabin ni mume na mke wazee wasiosemeshana ndani ya nyumba iliyozungukwa na bomoabomoa. Tamasha la filamu la Berlin likawapa wote wawili tuzo. Kisha 1977 ikaja La Vie devant soi: Madame Rosa, Myahudi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kahaba mstaafu anayelea watoto wa makahaba wengine huko juu kabisa ya ngazi zisizoisha. Akatunukiwa César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa, na filamu ikapata Oscar ya filamu ya kigeni.

Miaka ya mwisho macho yalikuwa karibu yamezimika. Hata hivyo Januari 1985 alitoa riwaya, Adieu Volodia, kuhusu familia za Wayahudi waliohamia Paris kutoka mashariki ya Ulaya, na ikauzwa kwelikweli. Saratani ilimchukua tarehe 30 Septemba mwaka huo huo, nyumbani kwake Autheuil, Normandie, akiwa na miaka 64. Amezikwa kwenye makaburi ya Père Lachaise, Paris. Montand aliwekwa pamoja naye 1991, na kwa waliouliza: ndiyo, Machi 1998 mwili wa Montand ulifukuliwa kwa amri ya mahakama kwa kipimo cha DNA, binti mmoja akidai ni baba yake. Majibu yalikataa.

SWALI: Nianze na filamu ipi? (Wengi)

Les Diaboliques ya Henri-Georges Clouzot, 1955. Shule ya bweni inayonuka, mwalimu mkuu katili, mke wake na kimada wake wanaopatana wamuue. Simone ndiye kimada, nywele fupi, miwani myeusi, mikono mfukoni. Usisome chochote kuihusu kabla. Clouzot mwenyewe aliweka maandishi mwishoni kuwaomba watazamaji wasiwaharibie wenzao, kwa hiyo na mimi naishia hapa, na yule msomaji wa Mombasa aliyeniandikia mwisho wake wote kwa herufi kubwa nimemfuta.