Majibu kwa Wasomaji: Sifa za Shule za Umma za Montgomery Zimetoka Wapi?

SWALI: Mhariri wa safu, pokea salamu zangu. Mimi na mume wangu tunatarajia kuhamia karibu na Washington kikazi, nasi tuna watoto wawili wa shule ya msingi. Kila tunayemuuliza anatuhimiza tutafute nyumba katika Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, kwa sababu ya shule zake za umma. Je, sifa hizo zimetokana na kazi ya shule zenyewe, au ni kwa kuwa wakazi wake wana fedha? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Ahsante kwa swali lako, dada. Utajiri una mchango wake, na atakayekana hilo hatakuwa amekutendea haki, kwa maana kaunti hiyo ya vitongoji inapakana na mji mkuu wa Marekani na imejaa wasomi wenye vipato vizuri. Hata hivyo, bodi moja ya elimu ndiyo inayosimamia wanafunzi wapatao 160,000 katika shule zaidi ya 200, na miongoni mwa wanafunzi hao wamo maelfu wa familia zenye kipato kidogo, pamoja na wengi ambao nyumbani kwao hakisemwi Kiingereza.

Jerry Weast, aliyekuwa msimamizi mkuu kuanzia mwaka 1999 hadi 2011, aliigawa ramani ya kaunti katika kanda mbili: nyekundu, ambako umaskini ulikuwa umejikita, na kijani, ambako maisha yalikuwa na nafuu. Shule za msingi za kanda nyekundu zilitengewa karibu dola 2,000 zaidi kwa kila mwanafunzi, idadi ya watoto katika madarasa ya mwanzo ikapunguzwa, chekechea ikawa ya siku nzima, na muda wa kusoma na wa hesabu ukaongezwa. Mwaka 2010 wilaya hiyo ya shule ilipata Tuzo ya Taifa ya Ubora ya Malcolm Baldrige, ambayo huwaniwa pia na makampuni na hospitali. Mimi naupa uzito zaidi ule uamuzi wa fedha kuliko tuzo yenyewe, kwa sababu kuwaomba wazazi wenye uwezo, ambao ndio wenye sauti kwenye uchaguzi, wakubali watoto wa jirani watumiwe fedha nyingi kuliko wa kwao ni jambo ambalo viongozi wengi hawathubutu hata kulitamka.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii ambayo ningependa uizingatie kabla ya kutafuta nyumba. Tangu miaka ya 1970, sheria ya kaunti huwataka wajenzi wa mitaa mikubwa watenge sehemu ya nyumba zao kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, na mamlaka ya nyumba ya umma ina haki ya kununua baadhi yake. Familia zilizoomba nyumba za umma zilipangiwa mahali pa kuishi kwa bahati nasibu, hivyo watoto wenye hali zinazofanana kabisa wakajikuta katika shule tofauti. Mtafiti Heather Schwartz aliwafuatilia wapatao 850 kuanzia mwaka 2001 hadi 2007. Wale waliosoma katika shule zenye wanafunzi wachache maskini waliwapita kwa alama wenzao waliokuwa katika shule zenye umaskini mwingi, ingawa hizo za pili ndizo zilizokuwa zikipata zile fedha za ziada. Walipomaliza shule ya msingi, walikuwa wamepunguza kwa nusu pengo la hesabu kati yao na watoto wa kaunti hiyo wasio maskini.

Kwa hiyo sifa unazozisikia zimejengwa na ofisi ya elimu pamoja na ofisi ya mipango miji, na kwa maoni yangu, hiyo ofisi ya pili haipewi shukrani inayostahili. Kwa upande wako, fahamu kwamba anwani ya nyumba ndiyo inayompangia mtoto shule, na mipaka hiyo huweza kubadilishwa. Ithibitishe kwenye ofisi ya wilaya kabla ya kutia saini mkataba wa pango.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Nimesikia kwamba huko walimu hutathminiwa na walimu wenzao. Je, hawalindani?

JIBU: Ndugu mwalimu, hofu yako ina msingi, lakini yaliyotokea yanaonyesha vingine. Kila mwalimu mpya, na kila aliyeonekana kulega, hupewa mwalimu mshauri ambaye huingia darasani kwake, humwonyesha namna ya kupanga somo, kisha huandika ripoti. Hatima yake hujadiliwa na jopo la walimu 8 na wakuu wa shule 8. Katika miaka 11 ya kwanza, majopo hayo yalipiga kura ya kuwaachisha kazi walimu wapatao 200, na wengine 300 hivi waliondoka wenyewe, ilhali katika miaka 10 iliyotangulia walioachishwa walikuwa 5 tu. Chama cha walimu kilishiriki tangu mwanzo, jambo ambalo naamini ndilo lililofanya uamuzi mzito kama huo uaminike. Wilaya iliuthamini utaratibu huu kiasi cha kuziacha dola milioni 12 hivi za mpango wa serikali kuu, kwa kuwa masharti yake yangeilazimu kuwapima walimu kwa alama za mitihani ya wanafunzi.

SWALI: Wanafunzi wenyewe wana nafasi gani katika maamuzi?

JIBU: Wanayo, tena kubwa. Bodi ya elimu ina wajumbe 8, na mmoja wao ni mwanafunzi anayechaguliwa kila mwaka na wenzake wa shule za kati na za sekondari. Mjumbe huyo hupiga kura katika karibu mambo yote, ikiwemo bajeti.