Uzito wa kitabu na kani ya meza

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mhadhiri alikukosoa ulipoandika kwamba kani ya meza inayokisukuma kitabu kilichotulia juu yake kwenda juu ndiyo mjibizo wa uzito wa kitabu, yaani kani inayoujibu uzito huo, ilhali kani hizo mbili zinalingana na zinaelekea pande zilizo kinyume. Sheria ya tatu ya Newton, isemayo kila kani ina mjibizo ulio sawa nayo na wa upande wa kinyume, inahusu kani zinazotenda juu ya vitu viwili tofauti: Dunia inakivuta kitabu, nacho kitabu kinaivuta Dunia kwa kani iyo hiyo. Uzito na kani ya meza zote zinatenda juu ya kitabu kilekile, kwa hiyo kulingana kwa kani hizo kunatokana na sheria ya pili, inayounganisha jumla ya kani juu ya kitu na mchapuko wake (kiasi mwendo unavyobadilika kila sekunde), kwa kuwa kitabu hakina mchapuko.

Kiweke kitabu cha kilo 2 kwenye sakafu ya lifti inayopanda huku ikiongeza mwendo kwa meta 1 kwa sekunde katika kila sekunde: uzito unabaki takribani nyutoni (kipimo cha kani) 19.6, lakini sakafu sasa inakisukuma kwa nyutoni 21.6. Nakusihi, kabla ya kugusa fomula yoyote, chora kitabu peke yake, kisha andika kando ya kila mshale ni kitu gani kinachotoa kani hiyo.