Tuvalu haijazama, aliyezama ni mimi

Mkuu, usilipe. Kama hujamtumia huyo fundi ile laki tatu na nusu, weka simu chini usome kwanza. Kama umeshatuma, soma haraka.

Umesema unafungua TV ya mtandaoni, fundi kakushauri jina la tovuti liishie na .tv, kisha ukagundua kwamba .tv si kifupi cha televisheni, ni herufi za nchi inayoitwa Tuvalu. Sasa unataka kujua iko wapi, inaishi kwa nini, nani anaitawala, ikizama jina lako litakwenda na maji au la, kibali cha mamlaka kinapatikanaje, na kamera gani ya kuanzia. Sawa, ya kibali na kamera nawaachia wengine. Ila sentensi iliyonitoa kitandani ni ile uliyoitupia mwishoni kama haina maana: "fundi atasajili kila kitu kwenye akaunti yake, mimi hayo mambo siyawezi." Na mimi niliyasema hayo hayo, karibu neno kwa neno.

Mwaka 2020, Morogoro. Nilikuwa narusha mpira wa mchangani, harusi, na mahojiano na wenyeviti wa mitaa. Nikampata kijana mmoja mwenye meza na laptop mbili. Simtaji, anajijua, na akisoma hapa ajue bado nina namba yake. Akanitengenezea tovuti ikapendeza kweli. Nikachapisha fulana 40 zenye jina na .tv mgongoni, kava za maiki, bango la mita tatu, vibandiko kwenye Noah pande zote mbili. Mke wangu akauliza kwa nini hatuandiki namba ya simu tu. Nikamwambia hajui biashara ya kisasa.

Januari 2022 tovuti ikapotea. Napiga simu, kimya. Siku ya tatu anapokea, sauti ya msibani: "Mzee, ile nchi imezama. Mitandao yao yote imeondoka." Akanitumia na ushahidi: video ya waziri kavaa suti na tai, kasimama baharini, maji ya magoti, anahutubia na bendera nyuma yake.

Nikaamini. Chekeni. Wengine humu mlipanda mbegu mkaahidiwa mavuno ya mara tatu, tusitazamane sana.

Kuamini peke yangu isingekuwa tabu. Nilikwenda kumweleza mdhamini wangu, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikamwambia kuna nchi imezama huko Pasifiki na tovuti yetu imekwenda nayo. Mama wa watu akashika kifua, akauliza wamekufa wangapi. Nikamjibu bado wanahesabu. Mwanawe wa kidato cha tatu, aliyekuwa anapima misumari pembeni, akatoa simu mfukoni: "Baba mdogo, mbona Tuvalu ipo? Ndege inatua Alhamisi." Udhamini uliishia palepale kwenye mizani ya misumari.

Ndipo nikaanza kuisoma hiyo Tuvalu kwa hasira, usiku kucha, na ndiyo maana leo naijua kuliko kata yangu.

Yule waziri ni Simon Kofe, alikuwa waziri wa mambo ya nje. Video aliirekodi Funafuti, makao makuu ya nchi hiyo, Novemba 2021, ipelekwe kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow. Alisimama pale ili dunia ione kwamba sehemu iliyokuwa nchi kavu sasa ni maji. Fundi wangu akauchukua ujumbe wa mtu mzima wa kuomba dunia isikie, akaugeuza risiti ya uzembe wake.

Halafu ona ujanja: uongo wake ulikuwa na kipande cha ukweli. Miezi hiyo hiyo Tuvalu ilikuwa inabadilisha msimamizi wa .tv. Kampuni ya Verisign ilikuwa inaondoka, kampuni ya GoDaddy inaingia. Kwa hiyo ukitafuta habari za juu juu unakuta kweli "kuna mabadiliko .tv" na unarudi kumwomba fundi msamaha. Nilimwomba msamaha, wakuu. Kwa sauti kabisa. Wakati makabidhiano kama hayo hayafuti domeini ya mtu, yaani jina la tovuti yake. Yangu ilikufa kwa sababu ada ya mwaka haikulipwa. Kampuni iliyosajili jina ilituma barua pepe za kukumbusha, zote zikaenda kwake maana usajili ulikuwa na barua pepe yake, jina lake, namba yake. Mimi kwenye karatasi nilikuwa hewa. Muda ukiisha kuna siku chache za kulipa kwa bei ya kawaida, halafu wiki chache za kukomboa kwa bei kali, halafu jina linarudi sokoni. Nilipofumbua macho lilikuwa limeshachukuliwa na mtu wa mbali huko, anataka dola 1,800. Nikaiandikia kampuni kwamba jina ni langu, nina fulana. Wakaniuliza akaunti namba ngapi. Sina. Barua pepe ya usajili? Si yangu. Risiti? Nililipa kwa simu, kwa namba ya shemeji yake fundi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaki mjadala: akaunti ifunguliwe kwa jina lako, barua pepe yako, paswedi unayo wewe, ada inatoka kwako. Fundi apewe nafasi ya kuingia na kutengeneza, kama fundi bomba anavyoingia jikoni. Hati ya nyumba humwachii fundi bomba.

Haya, Tuvalu yenyewe. Iko katikati ya Australia na Hawaii, visiwa tisa, jumla kilomita za mraba 26. Unguja peke yake inaimeza zaidi ya mara 60. Watu kama elfu kumi na moja, zaidi ya nusu wako Funafuti. Jina maana yake ni wanane wasimamao pamoja, kwa vile kisiwa cha tisa, Niulakita, hapo zamani hakikuwa na wakazi wa kudumu. Ni visiwa vya matumbawe, vyembamba, hakuna mlima wala mto, sehemu ya juu kabisa haifiki mita tano. Maji ya kunywa ni ya mvua, yanakingwa kwenye matangi. Mwaka 2011 mvua ilikata wakatangaza hali ya hatari. Uwanja wa ndege waliujenga Wamarekani wakati wa Vita vya Pili, na kwa kuwa ardhi ni haba, jioni vijana wanacheza mpira humo humo. Ndege ikikaribia kinapigwa king'ora watu wanapisha. Ningepata kurusha mechi ya pale nisingekuwa hapa naandika kwa uchungu.

Uchumi. Hawana dhahabu wala kahawa. Wana bahari, eneo lao la kiuchumi ni zaidi ya kilomita za mraba laki saba, limejaa jodari. Wenyewe hawana meli za kutosha, kwa hiyo wao na majirani zao wa Pasifiki wanauza siku: meli ya kigeni inalipia kila siku ya kuvua. Kuna mfuko wa akiba wa taifa tangu 1987, waliochangia ni wao pamoja na Australia, New Zealand na Uingereza miongoni mwa wengine. Kuna fedha za mabaharia wanaofanya kazi kwenye meli za mizigo. Hela wanayotumia ni dola ya Australia.

Halafu kuna herufi mbili. Mungu hakuwapa mafuta, orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi ikawapa TV. Mwaka 2000 waliingia mkataba wa kumwachia mwingine auze majina ya .tv, kwa dola milioni 50 za kulipwa kwa miaka 12, na sehemu ya fedha hizo ikawasaidia kuingia Umoja wa Mataifa mwaka huo huo. Baadaye Verisign waliripotiwa kulipa kama dola milioni 5 kwa mwaka. Sasa linganisha: nchi ndogo kuliko wilaya zetu ilijua herufi zake ni mali, ikaziandikia mkataba, na mkataba ulipoisha ikatafuta mteja mwingine. Mimi na fulana zangu 40 sikuwa na hata risiti.

Serikali kwa kifupi: uhuru 1 Oktoba 1978 kutoka kwa Waingereza, baada ya kujitenga na wenzao wa visiwa vya Gilbert ambao leo ni Kiribati. Mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wa nchi, ana gavana mkuu pale. Bunge lina wabunge 16, vyama vya siasa hakuna, na wabunge ndio wanaomchagua waziri mkuu. Feleti Teo alichaguliwa 2024. Mengine utasoma.

Kuzama. Maji ya bamvu yanachimbuka hadi kutoka ardhini, chumvi inaua mashimo ya pulaka, yaani magimbi yao. Wanajaza bahari kupata ardhi, Funafuti tayari kuna hekta kama saba mpya. Australia imekubali kupokea watu 280 kwa mwaka kwa mkataba ulioanza kazi 2024, na walioomba mara ya kwanza ni maelfu. Katiba yao mpya ya 2023 inasema nchi itabaki nchi hata maji yachukue ardhi. Kwa habari ya jina lako, domeini hufuata ile orodha ya vifupisho, haifuati kina cha maji. Majirani zetu wa Kongo walikuwa na .zr enzi za Zaire. Jina la nchi lilipobadilika 1997 wakahamia .cd, na .zr ikafutwa 2001. Nchi haikuzama hata inchi moja. Ilibadilisha jina tu.

Jambo la mwisho: majina mafupi na matamu ya .tv huwa yanapangiwa bei ya juu, na mara nyingine bei hiyo inarudi kila mwaka. Uliza ada ya mwaka wa pili kabla hujalipa ya kwanza. Fundi akikwambia "hiyo tutaona mbele," inuka.

Ingia sasa hivi uangalie hiyo domeini imesajiliwa kwa barua pepe ya nani, halafu urudi utujibu hapa. Na kama unavaa XL, fulana zimebaki 31.