Schumann namba 4: sikiliza matoleo, usisikilize viongozi wa okestra

Wiki tatu nzima nilikuwa nikiwatambia wenzangu wa kwaya kwamba toleo la kwanza la Simfoni ya 4 (kazi ndefu ya okestra) ya Schumann, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, linapumua kuliko la pili. Nilikuwa na rekodi mbili kwenye simu, nazisikiliza kwa zamu kila asubuhi njiani kwenda kazini. Kumbe zote mbili ni toleo la pili! Aliyepandisha ile moja mtandaoni aliandika 1841 kwa kuwa ndio mwaka simfoni ilipotungwa, nami nikameza. Kilichokuwa kinapumua ni kiongozi wa okestra.

Schumann aliimaliza 1841, ikapigwa Leipzig Desemba hiyohiyo, watu hawakuichangamkia, akaiweka kando. Mwaka 1851, akiwa Düsseldorf, akaitoa na kuipanga upya. Ilipochapwa 1853 ikaitwa ya 4, ingawa kwa kutungwa ni ya 2. Baada ya kifo chake mjane wake Clara alishikilia la 1851, lakini rafiki yao, mtunzi Brahms, alilipenda zaidi la zamani, likachapwa 1891 kwa msukumo wake, na Clara akachukia kwelikweli. Kwa hiyo ukigombana na mtu kuhusu simfoni hii, mna wakubwa waliowatangulia.

Ili usiumbuke kama mimi, soma majina ya sehemu kabla ya kubonyeza. Sehemu ya kwanza ikiandikwa kwa Kiitaliano, Andante con moto, hilo ni la 1841. Ukiona Kijerumani, Ziemlich langsam, ni la 1851. Usiutegemee mwaka ulio kwenye jalada.

Halafu anza na kiongozi mmoja, okestra moja. John Eliot Gardiner alirekodi matoleo yote mawili na Orchestre Révolutionnaire et Romantique, wanaopiga ala za mtindo wa enzi ile. Hapo tofauti unayoisikia ni ya Schumann mwenyewe. Nilichagua kipande kifupi tu, pale mwanzo wa polepole unapoanza kukimbia, nikakirudia mara sita hivi. La 1841 filimbi na violini kila mmoja ana njia yake, unaweza kumfuata umtakaye. La 1851 ala za kupuliza zinapewa mara kwa mara nota zilezile za violini, kama mwalimu wa kwaya asiyewaamini alto akawaambia waimbe na soprano, asije mtu akapotea. Sauti inakuwa nzito, na salama.

Nilidhani basi, kesi imekwisha, Brahms ameshinda. Kisha nikamsikiliza kiongozi Furtwängler na okestra ya Berlin Philharmonic, rekodi ya 1953, toleo la 1851. Nenda moja kwa moja kwenye daraja, yaani kipande cha kuingilia sehemu ya mwisho: ala za nyuzi zinatetemeka kwa sauti ndogo kabisa, tarumbeta na tromboni zinapanda taratibu juu yake, na yule mzee anakataa kuharakisha. Uzito uleule niliokuwa naulaumu ndio unaofanya kazi pale. Ni rekodi ya zamani, ya mono (sauti ileile masikio yote mawili), kwa hiyo vaa hedifoni na uongeze sauti kidogo, la sivyo utadhani okestra imechoka.

Siku hizi njiani nasikiliza la 1841. Usiku, taa zikizimwa, ni Furtwängler.