Jibu: Mwenyekiti anataka kushika fedha za uji

Habari dada. Nimekuelewa: umoja wenu wa wazazi hapo Pongwe, Tanga, unachangisha fedha za uji wa watoto shuleni, mhazini anazipokea kwenye simu yake, na sasa mwenyekiti anataka zihamie kwake kwa kuwa yeye ndiye kiongozi.

Kwanza angalieni katiba yenu, kipengele cha fedha. Kama hamna katiba, tafuteni muhtasari wa kikao kilichowachagua. Mwenyekiti huongoza vikao na kuidhinisha malipo, hashiki fedha. Anayeidhinisha akishika na fedha, nani atamhoji? Lakini mhazini naye asizikalie kwenye laini yake binafsi. Zikichanganyika na za nyumbani, hata mwaminifu atashindwa kuzitenganisha. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili watoshe kutoa, na wasiwe mtu na mumewe.

Kila mchango ukatiwe stakabadhi yenye namba, jina, kiasi na sababu, nakala ibaki kitabuni. Mkinunua mahindi soko la Mgandini na muuzaji hana risiti, jazeni hati ya malipo, asaini yeye na shahidi. Hapo ndipo hesabu nyingi hupotelea.

Katibu aandike kila uamuzi wa matumizi. Usiokuwemo kwenye muhtasari, mhazini asiulipe.

Na tafadhali, tangu elimu bila malipo ianze 2016, michango ni hiari. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa deni la uji.

Kwa sasa katibu aitishe kikao, mhazini aje na taarifa ya miamala ya simu, ilinganishwe na daftari mbele ya wote.