Wenye mashamba na wakata miwa wa Pangani

Mwanangu mpendwa,

Salaam aleikum. Unasema wenzako kazini wanakuambia Pangani, kwetu pwani ya Tanzania, ni kijiji tu, nawe waniuliza kama kweli paliwahi kuwa mji wa maana, na sisi tu watu wa nani pale.

Mji ulikuwepo, tena mkubwa. Misafara ya kwenda Usambara na Kilimanjaro iliondokea hapo, na pembe za ndovu ziliteremkia hapo. Wajerumani walipoanza kujenga reli mwaka 1893 waliianzishia Tanga, penye bandari ya kina. Mlangoni mwa mto wetu kuna fungu la mchanga, meli kubwa haziingii. Biashara ikahama.

La ukoo ndilo zito. Shuleni mlifundishwa habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, na ni haki yake. Vita ya 1888 ilianzia Pangani, kampuni ya Kijerumani ilipotaka kupandisha bendera yake, na tarehe 15 Desemba 1889 wakamnyonga palepale. Kata ya Bushiri ina jina lake hadi leo. Lakini Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na miwa hiyo ililimwa na watumwa. Ushujaa wake siupunguzi, ila sitakuficha hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Unakata kwa panga juani, majani yake makali yanakuchanja mikono, unabeba mizigo hadi kinuni, kisha unasimama mbele ya moto ukikoroga maji ya miwa mpaka yagande. Mwaka 1873 watumwa wa Kikogwe, ng'ambo ya mto, waliasi. Waliotoroka wakajijengea makazi yao, Makorora. Uasi huo ulitokea miaka 15 kabla ya vita ya Abushiri, na kwangu uzito wake ni uleule.

Sasa sisi. Bibi mzaa mama alikuwa Mzigua, ukoo wake unajulikana. Upande wa baba yangu, kila tulipouliza tuliambiwa, "Tumetoka bara," na mazungumzo yakafungwa. Wazee waliona aibu kutaja utumwa. Mimi sioni aibu, na wewe usiione: naamini tumetoka kwa wakata miwa. Wakikuuliza tena, waambie hivyo, na uwatajie Makorora.

Wasalaam,
Baba yako