Mkanda wa maombolezo ya hide: namna ya kuutazama na kuuhifadhi

Mkanda ninaouzungumzia ni wa video, aina ya VHS, na juu ya lebo yake kuna mwandiko wa wino mweusi uliokwisha kugeuka rangi ya kahawia: "hide", jina la mwanamuziki wa roki wa Japani, kwa herufi ndogo kama mwenyewe alivyopenda jina lake liandikwe, kisha herufi mbili za Kijapani, 追悼, zinazosomwa tsuitō na kumaanisha maombolezo ya marehemu, kisha "H10" na "25:30". Niliununua Yokohama nilipokuwa nasoma huko, katika duka la vitu vilivyotumika, kwa fedha isiyofika bei ya bakuli la tambi. Niliporudi nao Dar es Salaam ilinichukua miaka kadhaa, na mashine moja iliyoungua, kabla sijajua namna ya kuutendea haki. Nawaandikia wenzangu wanaoupenda muziki huu na ambao siku hizi wanaagiza mikanda ya namna hii kutoka Japani, kwa sababu mikanda hiyo haitadumu na makosa yangu hayana haja ya kurudiwa na mtu mwingine.

Kwa asiyemfahamu, hide alizaliwa Yokosuka tarehe 13 Desemba 1964 akiitwa Hideto Matsumoto, akawa mpiga gitaa wa bendi ya X Japan tangu 1987, huku akitoa nyimbo zake mwenyewe pembeni. Bendi ilifanya onyesho lake la kuaga Tokyo Dome usiku wa 31 Desemba 1997, na miezi minne baadaye, tarehe 2 Mei 1998, yeye akafariki akiwa na umri wa miaka 33. Polisi walihitimisha kuwa alijiua. Wenzake wa bendi wakashikilia kuwa ilikuwa ajali. Vipindi maalumu vya televisheni vilivyofuata vinalirudia jambo hilo mara nyingi, kwa hiyo ukitazama na vijana, kaa nao mpaka mwisho na mzungumze.

Anza na lebo kabla ya kugusa mashine, kwa kuwa lebo ndiyo inayokwambia umeshika nini. H10 ni mwaka wa 10 wa enzi ya Heisei, yaani 1998. Na ile 25:30 si kosa la mwandishi: ratiba za televisheni za Japani huendelea kuhesabu saa baada ya usiku wa manane bila kubadili siku, kwa hiyo 25:30 ni saa saba na nusu usiku, na tarehe iliyoandikwa ni ya jana yake. Sisi tunaoanza kuhesabu saa alfajiri hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Linaloponza wengi ni hesabu ya kumbukumbu za wafu. Wabudha wa Japani huadhimisha mwaka wa kwanza, lakini adhimisho linalofuata, ambalo jina lake sankaiki linabeba namba tatu, hufanyika baada ya miaka miwili, maana siku ya kifo yenyewe huhesabiwa kuwa ya kwanza. Mkanda wa hide wenye neno hilo ni wa 2000, wala si wa 2001. Nimewahi kuwaona wauzaji wakikosea hapo. Iwapo lebo haina tarehe kabisa, sikiliza wanavyoutaja wimbo wa "Pink Spider". Ulitoka 13 Mei 1998, siku 11 baada ya kifo chake, na mtangazaji anayesema kuwa unakuja anakupa tarehe ya kipindi kwa karibu sana.

Sasa mashine. Deki niliyokuja nayo ilitengenezwa kwa umeme wa volti 100, ambao ndio wa Japani, nami nikaichomeka moja kwa moja ukutani kwenye volti 230. Ilitoa mlio mfupi kama wa kijiti kikivunjika, kisha harufu ya plastiki iliyoungua, na mkanda ukabaki umenaswa ndani. Fundi niliyempelekea Kariakoo aliufungua mfuniko, akautoa mkanda polepole kwa kuzungusha gurudumu kwa kidole, akaniambia, "Kaka, mkanda umepona, ila mashine ndiyo basi." Nunueni transfoma ya kushusha umeme kabla ya kununua deki. Wala msiitafute deki ya kwetu badala yake bila kuuliza, kwa sababu televisheni ya Japani ilitumia mfumo wa picha uitwao NTSC ilhali yetu ilikuwa ya PAL, na deki ya PAL pekee itakuonyesha chenga na picha inayokimbia. Deki mpya hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho kuziunda, Funai, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo kila unayoipata imekwisha kutumika na inahitaji kusafishwa vichwa vyake vinavyosoma mkanda.

Kwa muziki lipo jambo la muhimu kuliko picha, nalo ni sauti. Mkanda wa VHS unaweza kubeba sauti mara mbili: ya kwanza ni mstari mwembamba ulio ukingoni mwa mkanda, na ya pili, ile ya Hi-Fi, imeandikwa na vichwa vinavyozunguka, pamoja na picha. Majumbani Japani watu wengi walirekodi kwa mwendo wa pole uitwao sanbai ili mkanda wa saa mbili uchukue saa sita. Kwa mwendo huo mkanda husogea milimita 11 tu kwa sekunde, wakati kaseti ya kawaida ya redio husogea karibu milimita 48. Ule mstari wa ukingoni hauwezi kutoa muziki kwa mwendo kama huo. Mara ya kwanza nilisikiliza kwa deki isiyo na Hi-Fi, gitaa la hide likasikika kama limefungiwa ndani ya kabati, nikaamini mkanda umechakaa. Nilipopata deki yenye Hi-Fi, wimbo uleule ulifunguka kulia na kushoto, na nikasikia hata watu wakivuta pumzi kabla ya kuimba. Usiuhukumu mkanda kabla hujaujaribu hivyo.

Kabla ya kuingiza mkanda, ushike kwenye mwanga na uchungulie kwenye dirisha lake. Majira ya mvua ya Japani ni ya unyevu mwingi na mikanda hushika ukungu, unaoonekana kama unga mweupe kwenye kingo za mkanda uliozungushwa. Wenye unga huo usiucheze kamwe, kwani utauchafua kila mkanda utakaoufuata katika mashine hiyo. Mpelekee mtu anayejua kuusafisha.

Na unapouhamishia kwenye kompyuta, usikate kitu. Hapa ndipo ninapojilaumu zaidi. Nakala yangu ya kwanza niliisafisha nikaondoa matangazo yote, nikabakiza nyimbo, mahojiano na mazishi ya 7 Mei katika hekalu la Tsukiji Hongan-ji, ambako watu wapatao 50,000 walikuja kumuaga na wenzake wa X Japan wakampigia "Forever Love". Nilidhani hicho ndicho kipindi. Nilipoutazama tena mkanda wenyewe, niligundua kwamba aliyerekodi alikuwa ameketi mbele ya televisheni na rimoti mkononi. Katika nusu ya kwanza, kila matangazo yalipoanza alisimamisha kurekodi, akichelewa sekunde moja kila mara, kiasi kwamba unaona kipande cha sabuni au cha gari kikiruka na kupotea. Kisha inakuja picha ya foleni nje ya hekalu, wasichana waliopaka nywele rangi ya waridi kama yake wakiwa wameshikana mikono, na baada ya hapo matangazo hayakatwi tena. Yanapita yote.

Kipindi kinakwisha, na mkanda hausimami. Kinaingia kipindi kingine cha usiku, kisha kituo kinaaga na kufunga matangazo yake, kisha zinakuja chenga kwa zaidi ya saa nzima, mpaka mistari ya rangi inapotokea na sauti ya mtangazaji wa asubuhi ikawasalimu watu wa Tokyo. Katika nakala niliyonayo sasa, chenga zile zimo zote.